Ombi la Kuishusha Bendi Nzima Ikutane na Kidomo Changu

Nzomo Kaloki,
Dalali wa Ng'ombe na Mpiga Klarineti,
Dagoretti.

Kwa Mzee Njuguna,
Mwenyekiti, Kamati ya Bendi ya Kanisa.

KUH: KUPOKONYWA KLARINETI NA KUKABIDHIWA BENDERA

Mzee wangu Njuguna,

Nakuandikia nikiwa nimeketi, nimekunywa chai, na mke wangu Wanjugu amenipima presha akasema ni ya mtu mwenye akili zake. Nayataja haya mapema kwa sababu katika kamati yako wapo watakaosema barua hii imeandikwa kwa hasira. Hapana. Hasira niliimaliza Jumapili, nilipokuwa nimebeba bendera ya bendi mbele ya kanisa zima, na upepo ukaigeuza ukanifunika nayo uso, nikaingia kanisani kama sofa lililofunikwa ili lisishike vumbi.

Najua barua zote huwa unamwachia katibu azisome kwa sauti kikaoni, kwa hivyo niwaeleze kidogo wale wasionijua. Nilipiga klarineti nikiwa shuleni, na niliipiga vizuri, ingawa waliokuwepo wengi wamehama au wamefariki, na waliobaki hawataki kuulizwa. Baadaye maisha yakanipeleka soko la ng'ombe. Klarineti ikakaa chini ya kitanda. Mwaka jana Bi. Munyiva, mwalimu wetu wa bendi, alitangaza kwamba wale waliowahi kupiga ala wanakaribishwa warudi. Nikarudi. Nilipofungua sanduku nikakuta klarineti nzima ila kidomo, yaani kile kipande cheusi cha juu ambacho mpigaji hukitia kinywani, kimepasuka ncha. Ikabidi ninunue kingine. Hapo ndipo shida zote zilipozaliwa, na zimekua haraka kuliko ndama yeyote niliyewahi kuuza.

Sasa jambo lenyewe. Binti yangu Everlyn anaolewa Jumamosi inayofuata Pasaka. Desturi ya bendi yetu unaijua, wewe mwenyewe ndiye uliyeianzisha: binti wa mwanabendi hutolewa nyumbani kwa baba yake kwa bendi, akipigiwa wimbo hadi mlango wa kanisa. Everlyn aliniuliza kama bendi itakuja. Nikamwambia si kuja tu, hata mimi nitakuwa mstari wa kwanza nikipiga. Akasema, "Sawa, Baba." Wakwe wetu watarajiwa ni watu wa Loresho. Sebuleni kwao kuna piano, na si ya kuwekea picha. Nimekwishawaambia kuhusu klarineti. Mzee Njuguna, siwezi kuwapokea watu hao nikiwa nimeshika mti wa bendera.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilinyang'anywa kiti changu bila kusikilizwa. Ninajua mtajibu kwamba nilisikilizwa, na kwamba hiyo ndiyo sababu. Siku ya mazoezi Bi. Munyiva alisimamisha wimbo katikati ya ubeti wa kwanza akauliza kwa upole kama kuna mtu aliyekanyaga kitu. Hakuna aliyekuwa amekanyaga. Tukaanza upya. Alisimamisha tena, safari hii akanijia mpaka kitini, akainama kama daktari wa watoto, akasema, "Baba Everlyn, hebu ubebe bendera kwanza, mpaka wewe na hicho kidomo mpatane." Sikatai kwamba alisema kwa heshima. Malalamiko yangu ni kwamba hakusema tutapatana lini, wala nani atakuwa mpatanishi.

2. Duka lililoniuzia kidomo hicho halikunizuia. Ni duka moja la ala katikati ya jiji. Silitaji jina kwa kuwa halina kosa, na hapo ndipo kosa lake lilipo. Mhudumu wake, kijana aitwaye Oduor, aliniuliza kama nimewahi kupiga, nimekaa nje kwa muda gani, na ninataka kupiga nini. Kwa mtu wa soko la ng'ombe, maswali kama hayo ni mtego. Ukimwambia muuzaji unataka nini, umeshamwambia bei. Nikamjibu, "Naangalia tu."

Akanipangia vidomo vitatu juu ya kitambaa. Kimoja nafasi yake ya kupitishia pumzi, pale kwenye ncha, ilikuwa nyembamba. Kingine ilikuwa ya wastani. Cha tatu ilikuwa pana, imeachama kama mlango wa ghala. Oduor akanieleza kwamba mwanafunzi, na vilevile mtu anayerudi baada ya miaka mingi, hufaa apewe cha wastani: hakidai pumzi nyingi, sauti hutoka mapema, na mtu anakua nacho bila kupigana nacho. Kile kipana, akasema, ni cha watu ambao midomo yao imefanya kazi hiyo kila siku. Akanisihi nikae chumba cha nyuma na klarineti yangu mwenyewe, nivijaribu vyote, nisikilize kipi kinaniitikia haraka na kipi kinakaa kwenye sauti yake. Akasema nisiangalie jina lililoandikwa ubavuni, wala nisichukue kwa sababu mtu fulani maarufu anatumia.

Mzee, wewe umenunua ng'ombe. Unajua kwamba anayemgusa mnyama mara mbili ameshaonyesha anamtaka. Nilikataa kabisa kuvigusa. Nilivitazama kwa pembe ya jicho, nikasema vyote vinaonekana vimedhoofika. Oduor akasema, "Mzee, hivi havikondi." Nikamwomba apunguze bei. Akasema bei ni moja. Basi nikafanya tunachofanya: nikaondoka zangu polepole, nikimpa nafasi ya kuniita. Nikafika mlangoni. Nikafika kwenye kona. Nikasimama pale kwa muuza magazeti nikasoma vichwa vya habari vyote mpaka akaniuliza kama ninanunua au ninaandaa taarifa. Hakuna aliyeniita. Ikabidi nirudi mwenyewe. Katika udalali wangu wote nimeitwa na watu wa kila namna, ila ile ndiyo mara ya kwanza nilijiita mwenyewe.

Nikachagua kile kipana. Sababu yangu ilikuwa ya kitaalamu. Kila mchunga ng'ombe ajuaye kazi yake atakwambia uangalie mdomo: ndume mwenye mdomo mpana hukusanya majani mengi kwa mara moja, na hata kiangazi kikija yeye hakondi. Mwenye mdomo mwembamba huchagua majani kama mgeni wa harusi. Nilitumia kanuni ambayo haijawahi kuniangusha. Kama klarineti hailishwi kwa kanuni hiyo, Bi. Munyiva alipaswa kutangaza hivyo siku alipotualika turudi.

3. Utete. Huu ni ule ubapa mwembamba wa mwanzi unaofungwa chini ya kidomo, ambao hutetemeka ukatoa sauti. Unauzwa kwa namba, mwepesi una namba ndogo na mgumu una namba kubwa. Oduor akasema nianze na mbili, au mbili na nusu. Nikamwambia sikutoka Dagoretti mpaka mjini kuja kununua nusu. Nikachukua tano. Akatafuta pakiti hiyo mpaka rafu ya juu kabisa, akaipangusa vumbi, akanitazama kama mtu anayemkabidhi mwingine funguo za lori lisilo na breki.

Nilipopuliza nyumbani, kwanza ilitoka pumzi tupu, ile ya gurudumu linalokata tamaa. Nikaongeza nguvu. Masikio yakajaa. Nikaongeza tena. Ndipo ikatoka sauti moja, na Wanjugu akatoka jikoni mbio kuzima sufuria ya presha ambayo hata haikuwa mekoni. Aliponikuta mimi ndiye chanzo, akaketi, akaleta mashine ya kunipima. Tangu siku hiyo hupima kabla na baada ya mazoezi. Ninaona namba hizo ndizo pekee zinazopanda katika muziki wangu.

4. Sikuambiwa kuhusu maji. Kitu chochote kinachokwenda kinywani sisi watu wa soko la ng'ombe na machinjioni tunakichemsha. Ndivyo tulivyofundishwa na maafisa wa afya, na kwa hilo ninajivunia. Nikachemsha kidomo. Kikatoka na rangi ya majani yaliyolala chini ya gunia, na harufu ya njiti za kibiriti. Sasa Bi. Munyiva anasema kidomo ni cha mpira mgumu, na mpira huo haupendi maji moto, huoshwa kwa ya vuguvugu tu. Nauliza: kitu kisichostahimili maji moto kitastahimilije ibada yetu inayochukua saa tatu? Wapiga klarineti wawili walioketi karibu nami wamesogeza viti. Mmoja alidai anafuata mwanga. Nimehesabu hilo kama ubaguzi.

5. Nimekosa mahali pa kufanyia mazoezi. Wanjugu alinitoa sebuleni, kisha uani, kisha akaniambia niende kwa watu ninaowaelewa. Nikaenda zizini, sokoni, jioni baada ya wanunuzi kuondoka. Nilipopiga, ng'ombe wote walikuja. Walinizunguka, wakanyoosha shingo, na mmoja ambaye ndama wake aliuzwa Jumanne akaanza kudondosha maziwa. Nilidhani nimepata wasikilizaji. Mchungaji wa zizi akanisihi niache, akasema si vizuri kumdanganya mama wa mtu. Naiweka habari hii hapa kama ushahidi, kwa sababu kamati yenu imesema kwamba sauti yangu haina hisia.

6. Na hili ndilo lenye uzito. Bi. Munyiva anasema ninapiga chini, yaani sauti yangu haipandi mpaka pale inapotakiwa. Alinieleza kwa subira kwamba kidomo kipana, kikifungwa utete mgumu na kikapulizwa na midomo iliyochoka, huishusha sauti, na kwamba midomo yangu imefanya kazi moja tu kwa miaka mingi, ile ya kupaaza bei. Akasema anayerudi ana shida ambayo mwanafunzi hana: mwanafunzi hajui sauti nzuri ikoje, kwa hivyo yuko na amani, lakini anayerudi anaikumbuka, na anataka kuifikia siku ya kwanza, kwa hivyo hununua kifaa cha yule mtu anayedhani bado ni yeye. Nilienda nyumbani nikalifikiria neno hilo wakati wa kula, na ugali ukapoa.

Lakini baada ya kulifikiria niliona kasoro yake. Tunasema mimi niko chini. Chini ya nini? Ya bendi. Na nani alisema bendi ndiyo iko mahali pake? Sokoni wanunuzi wawili wakitofautiana hatusemi mmoja ndiye mwenye makosa, tunawavuta wakutane. Mimi nimejivuta mpaka mishipa ya shingo imesimama. Sasa ni zamu ya wengine.

7. Tusi la mwisho. Wiki hii Bi. Munyiva alinitumia, kupitia kwa Wanjugu, kidomo kingine. Cha wastani. Cheusi, cha kawaida kabisa, kama vile wanavyotumia watoto wa shule, pamoja na utete wa namba mbili na nusu. Akasema nikitumie mpaka baada ya harusi. Mzee Njuguna, elewa shida iliyopo. Mimi ninakula kwa kutazama midomo. Mtu huniletea ndume, ninafungua mdomo wake, ninaangalia meno, ninasema umri wake na thamani yake, na watu watatu wanatoa pesa kwa neno langu. Ikijulikana kwamba nilitazama midomo mitatu iliyopangwa juu ya kitambaa safi, mchana, bila hata mmoja kunipiga teke, nikachagua mbaya, nani ataniletea ndume tena? Kidomo cha Bi. Munyiva nimekiweka kabatini. Sijakigusa, wala sitakigusa.

Kwa sababu hizo, naiomba kamati yako itekeleze yafuatayo kabla ya Jumamosi ya harusi.

Kwanza, tarumbeta zote zishuke zikutane nami. Nimeona kwamba zina bomba linalovutwa nje, na likivutwa sauti hushuka. Kwa hivyo wao hawatumii nguvu yoyote, ni kuvuta tu. Zikishuka, klarineti zingine zitafuata, maana hazina pa kwenda.

Pili, kwaya ishuke pia. Wenye sauti za juu wakilalamika kwamba hawafiki huko chini, wapewe ruhusa ya kufungua vinywa tu siku hiyo. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe katika tamasha la shule na hakuna aliyegundua.

Tatu, kinanda cha kanisa kina kitufe cha kushusha sauti, mpigaji akibonyeze. Akisema hakioni, nitakuja kukitafuta mwenyewe.

Nne, kengele. Hapa nimeumia kichwa. Kengele haishuki. Ni chuma. Nilimwuliza fundi wa kuchomelea pale sokoni kama inawezekana kuiongezea uzito, akaniuliza ninasali kanisa gani, halafu akaniambia ataniombea. Kwa hivyo naomba kengele inyamaze siku hiyo. Wageni watajua ni saa ngapi kwa kuangalia simu zao, ndivyo wanavyofanya hata wakati wa mahubiri.

Tano, wakwe wetu wa Loresho wapangiwe viti vya nyuma kabisa, karibu na jenereta. Waambiwe ni heshima ya Kikamba. Hawana namna ya kuhakikisha.

Sita, kama haya yote yataonekana mazito, basi naomba jambo moja tu dogo: harusi iahirishwe mpaka kidomo changu kilegee. Oduor alisema mtu akipiga kila siku midomo hupata nguvu. Hakusema ni baada ya muda gani, ila alinitazama usoni akasema, "Mungu ni mwema."

Ninaamini, Mzee, kwamba utaona haki iko upande wangu. Sijaomba kiti cha mtu. Naomba changu nilichokikalia kabla sijapewa bendera, na ninakiomba kwa siku moja. Mtu huwa na binti mkubwa mmoja, na binti hutoka nyumbani kwa baba yake mara moja, tukijaliwa. Nimeahidi kwamba nitakuwa pale nikipiga. Sina ahadi nyingine niliyompa Everlyn ambayo haikuwa na sharti ndani yake. Hii nilimpa ikiwa wazi.

Wasalimie wanakamati wote, hata yule aliyecheka bendera iliponifunika. Msalimie Mama Njuguna, mwambie yule mbuzi aliyemtuma kwa ajili ya karamu ana meno mazuri. Msalimie mpiga ngoma kubwa, ndiye pekee ambaye hajawahi kusema niko chini, labda kwa kuwa yeye hanisikii. Bi. Munyiva mpe salamu za pekee, na umwambie sina kinyongo, nina maombi sita tu.

Ni mimi, mwenye bendera kwa sasa,

Nzomo Kaloki.

Nyongeza: Mzee, barua hii nilikuwa nimeshaifunga nikaifungua tena. Jana jioni Everlyn alikuja kujaribu viatu vya harusi. Alitaka ajizoeze kutembea navyo, asije akajikwaa mbele ya watu. Mimi nikaona ndiyo nafasi ya kumwonyesha. Nikaenda kabatini nikatoa kile kidomo cha Bi. Munyiva, ambacho ni kweli sikuwa nimekigusa, isipokuwa Alhamisi, Ijumaa na asubuhi hiyo. Nikasimama mlangoni kwenye nafasi yangu ya mstari wa kwanza, nikaanza wimbo.

Na ukatoka, Mzee. Ulitoka mapema, bila kelele, pale pale ulipotakiwa kuwa. Wanjugu aliweka kikombe chini na hakuinuka kwenda kuchukua mashine. Kidomo hicho hakina ubaya wowote. Wala kile kipana hakina, siku moja mazoezini Bi. Munyiva alikipuliza kwa utete wake mwenyewe kikaimba kama chiriku. Ubaya ulikuwa kwa mnunuzi. Yote niliyoandika kuanzia la kwanza hadi la saba, pamoja na tarumbeta na kengele, tafadhali yafutwe.

Nilikuwa nimefika ubeti wa pili, nimefumba macho, nikahisi kiwiko changu kinavutwa. Nikafungua macho. Everlyn alikuwa amesimama kando yangu na vile viatu, mkono wake mmoja hewani, anatafuta pa kuuweka. Akanitazama kiwiko cha kulia, akatazama cha kushoto, vyote vinapanda na kushuka.

"Baba," akasema, "sasa mimi nitashika wapi?"

Nyumba nzima hatukuwa tumelifikiria. Wala kamati. Wala Bi. Munyiva, ambaye hufikiria kila kitu. Klarineti inashikwa kwa mikono miwili, bibi harusi naye hushika mkono wa baba yake mpaka kanisani, na baba ana miwili tu. Nikamwuliza mbona hakusema tangu siku ile ya kwanza. Akasema aliniona nimefurahi sana, akadhani labda kuna namna, maana mimi siku zote huwa na namna.

Kwa hivyo bendi ibaki palepale ilipo, ipige juu kama ilivyozoea, na kengele ilie. Kiti changu mpeni yeyote. Siku hiyo sitakuja na klarineti wala bendera. Mkono mmoja umeshachukuliwa, na wa pili Wanjugu amesema nitauhitaji kwa kitambaa cha kufutia macho.